Mgeni wa Darasa la Tano

Hadithi njoo! Najua mtaitikia: uongo njoo, utamu kolea. Leo uongo wangu ni mdogo. Mtoto nitakayemsimulia nimemtunga, na shule yake pamoja na watu wake nimewatunga vilevile. Mlima, sheria, watafiti, namba ya simu na wanawake waliokwea Kilimanjaro, hao wote ni wa kweli.

Mtoto wetu tumwite Mgeni. Alizaliwa Usangi, huko milima ya Upare, wilaya ya Mwanga. Mama yake alipopata kazi Moshi wakahamia Shirimatunda, moja ya kata za Manispaa, naye akaandikishwa darasa la tano. Asubuhi ya kwanza, kabla mawingu hayajajikusanya, alikiona kilele cheupe cha Kibo juu ya migomba, akasimama barabarani akikitazama mpaka mama akamvuta mkono. Kengele ilikuwa imeshalia.

Mwalimu alipomtambulisha, mvulana wa dawati la nyuma akapaza sauti: "Mpare huyo! Ukimkanyaga tu, mahakamani!"

Darasa zima likacheka. Mgeni naye hakuwa bubu. Akajibu: "Na ninyi Wachagga, shilingi ikianguka, hata maiti inaamka."

Wakacheka tena, safari hii kwa nguvu zaidi, na mwalimu akageukia ubao ili wasione kwamba na yeye anacheka. Hapo hapakuwa na kosa lolote. Wapare na Wachagga ni watani tangu enzi za mababu, na utani una sheria zake ingawa hazijaandikwa popote. Anayetaniwa ana haki ya kujibu. Mtani hakufuati kila siku mpaka chooni. Na ukifiwa, mtani huyohuyo aliyekuita mchoyo ndiye anayekuja kubeba maji, kupasua kuni na kuwachekesha wafiwa. Mwenye mtani mzuri halali na kinyongo.

Wiki ya tatu mambo yakabadilika. Yule mvulana wa nyuma, ambaye tutamwita Kinara kwa sababu ndiye aliyeongoza, aliona sweta la Mgeni limeshonwa kiwiko kwa uzi wa rangi nyingine. Akalisema. Kesho yake akalisema tena. Keshokutwa hakuwa na haja ya kulisema, maana wengine watatu walikuwa wakilisema kwa niaba yake. Kwenye foleni ya uji Mgeni akawa anasukumwa nyuma mpaka sufuria linakwanguliwa. Wasichana wakicheza rede, akikaribia anaambiwa wametimia. Daftari lake la Sayansi likaokotwa nyuma ya vyoo, limelowa. Halafu mmoja akalipiga picha lile sweta kwa simu ya dada yake, siku wametoka shule, picha ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Sasa hata Jumamosi, siku ambayo zamani mtoto aliyeonewa shuleni alikuwa anapumua, Mgeni hakupumua.

Mwanzoni alijibu, kama alivyojibu siku ya kwanza. Lakini kila akijibu walicheka jibu lake, wakamwigiza sauti, wakarudia siku nzima. Akanyamaza. Akaacha kunyoosha mkono darasani. Asubuhi tumbo likawa linamuuma, linamuuma kweli, na saa nne mama akishakwenda kazini linapoa.

Siku mwalimu wa zamu alipouliza kuna nini, Kinara alijibu haraka: "Tunamtania tu, Mwalimu."

Sentensi hiyo mmeisikia, sivyo? Labda wengine mmeisema. Basi tuipime. Kuna mtafiti mmoja, Dan Olweus, mzaliwa wa Uswidi aliyefanya kazi yake kubwa Bergen, Norwei. Mwishoni mwa mwaka 1982 vijana watatu wa Norwei walifariki, na watu wakaamini kwamba chanzo ni mateso waliyopata kwa wanafunzi wenzao. Nchi nzima ikashtuka. Mwaka 1983 serikali ikaanzisha kampeni katika shule zake, na Olweus akafuatilia wanafunzi wapatao 2,500 katika shule 42 za Bergen kuona kama kufundisha jambo hili kunasaidia. Kulisaidia: katika miaka miwili uonevu ulipungua kwa karibu nusu. Yeye ndiye aliyetuachia maswali matatu ambayo shule nyingi duniani huyatumia. Je, mtu anafanya kwa kukusudia? Je, anarudiarudia? Na je, anayefanyiwa ni mnyonge mbele yake, kwa nguvu, kwa umri, kwa wingi wa watu au kwa fedha?

Mpime Kinara. Alikusudia, ndiyo. Alirudia, ndiyo. Na watu wanne dhidi ya mtoto mmoja asiye na rafiki katika mji asioujua, hapo hata hatuhitaji mtafiti kutoka Norwei. Huo haukuwa utani. Ulikuwa uonevu uliojificha ndani ya kanzu ya utani, na mababu wa pande zote mbili wangeuona wangeona aibu.

Sasa nataka mwache kumtazama Kinara. Mwacheni hata Mgeni kwa muda. Tazameni darasa. Watoto zaidi ya arobaini. Wanne wanaonea, mmoja anaonewa. Hao wengine wanafanya nini?

Swali hilo ndilo ambalo shule nyingi hulisahau. Hubandika bango ukutani, "Uonevu haukubaliki", mwalimu mkuu hulisema paredi, basi. Bango halijawahi kumrudisha mtoto kwenye nafasi yake katika foleni ya uji. Nchini Kanada watafiti waliwahi kuwarekodi watoto wakiwa uwanjani, kwa kamera na vinasa sauti vidogo, wakatazama kila tukio la uonevu. Karibu mara tisa kati ya kumi walikuwepo watoto wengine wakitazama. Ni mara chache tu mmoja wao aliingilia. Lakini alipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2001. Sekunde 10, wanangu! Hesabu moja mpaka kumi polepole uone zilivyo chache.

Kwa nini ukome upesi hivyo? Kwa sababu mwonevu ni mtu wa jukwaani. Anafanya kwa ajili ya kicheko. Ukiondoa kicheko, amebaki peke yake na sweta la mtu. Huko Ufini, profesa Christina Salmivalli wa Chuo Kikuu cha Turku aliliona hilo na kulichambua: kuna anayeanzisha, kuna wanaomsaidia, kuna wanaocheka na kushangilia, kuna wanaojifanya hawaoni, na kuna wachache wanaomtetea anayeonewa. Kutokana na kazi hiyo wakaunda programu iitwayo KiVa, ambayo mwaka 2009 ilianza kuenezwa katika shule za nchi yao nzima. Sehemu kubwa ya masomo yake inawalenga wanaotazama.

Shule yetu ya kutunga nayo ilimpata mwalimu wa namna hiyo. Siku moja, katika kipindi, alichora duara sakafuni kwa chaki. Katikati akaweka kiti kitupu. Akawaambia wanafunzi: "Kwenye kiti hiki anakaa mtoto anayechekwa. Simjui jina. Kila mmoja asimame mahali anaposimama siku zote." Hakumtaja Mgeni. Ningemlaumu sana kama angemtaja, maana kumsimamisha mtoto aliyeumia mbele ya wenzake na kuuliza "nani anamwonea huyu?" ni kumwumiza mara ya pili.

Watoto wakasogea kwa aibu. Wengi walisimama kwenye mstari wa duara, si ndani wala nje. Mwalimu akauliza: "Ninyi mko upande gani?" Msichana mmoja akajibu kwamba wao hawana upande. Mwalimu akasema: "Mtoto aliye kwenye kiti anawaona mko upande gani?"

Kisha akawafanyisha igizo. Hakuwataka wawe mashujaa, kwa sababu si kila mtoto ana ubavu wa kumkabili mbabe, na kumkabili kwa ngumi kunaleta majeruhi wawili. Aliwafundisha mambo madogo. Kutocheka. Kusema "mwacheni bwana" kwa sauti ya kawaida. Kumwita anayeonewa, "njoo tukachote maji," ili atoke pale bila vita. Kwenda kumwita mtu mzima. Na lile ambalo kila mtu anaweza, hata mwoga kuliko wote: baadaye, tukio likishapita, kwenda kukaa naye. Wakayarudia kwa kuigiza mara nyingi, mpaka maneno yakazoea midomo, maana ulimi usiozoea hukwama siku ya siku.

Lakini Mgeni bado hakuwa amemwambia mtu.

Watoto wengi hawasemi, na wana sababu zao. Wanaogopa kuitwa mnoko. Wanaogopa kwamba mwonevu atajua na kuzidisha. Na wanaogopa jambo jingine ambalo sisi wakubwa hatupendi kulisikia: kwamba wote wawili watachapwa. Mwalimu akishika fimbo kwanza na kuuliza baadaye, mtoto mwenye akili atanyamaza.

Kwa hiyo niseme wazi ninavyoamini. Shule haiwezi kufundisha kwamba mwenye nguvu asimpige mnyonge huku fimbo iko juu ya meza. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu kiboko kwa masharti: kisizidi viboko vinne, na achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini kwa maandishi. Mnajua wenyewe kama masharti hayo yanafuatwa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu vijana watatu kati ya wanne walikuwa wamepitia ukatili wa kupigwa kabla ya kutimiza miaka 18. Majirani zetu Kenya walikwisha kupiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001. Na Uganda, wilayani Luwero, shirika la Raising Voices la Kampala liliingia katika shule za msingi na programu ya kuwasaidia walimu na wanafunzi kuijenga upya nidhamu bila kupiga. Watafiti walilinganisha shule 42, nusu zenye programu na nusu bado. Baada ya miezi 18, hatari ya mtoto kupigwa na mwalimu ilikuwa imeshuka kwa asilimia 42. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Shule hizo hazikuwa na fedha nyingi kuliko zetu.

Turudi kwa Mgeni. Aliyevunja ukimya ni yule msichana wa kwenye mstari wa chaki. Jioni moja alimsindikiza njiani, wakatembea kimya mpaka karibu na nyumbani, halafu akasema: "Kesho nakwenda kwa Mwalimu Mnasihi. Unataka twende wote?"

Mnasihi ni mwalimu aliyepewa kazi ya kuwasikiliza wanafunzi na kuwashauri. Serikali inazitaka shule ziwe na mwalimu wa namna hiyo, na zaidi ya hapo zinaundwa Madawati ya Ulinzi na Usalama wa Mtoto, ambapo walimu na wanafunzi wenyewe hushirikiana kupokea taarifa za watoto wanaoumizwa, shuleni au nyumbani. Shule nyingine zina sanduku la maoni, ingawa sanduku ambalo ufunguo wake umepotea tangu mwaka juzi ni pambo tu.

Mgeni aliingia chumbani, akasema, "Shikamoo, Mwalimu," kisha maneno yakaisha. Mnasihi akaitikia marahaba, akampa kiti, akafunga dirisha la upande wa uwanja ili wapitao wasiwaone. Hakuuliza "umewafanyia nini?" Alisema: "Nina muda. Anza popote." Mgeni alipomaliza, mwalimu alimwambia mambo matatu: nakuamini mwanangu, si kosa lako, na sitafanya lolote bila kukueleza kwanza. Hakumwahidi siri ya milele, na hapo alikuwa mkweli, kwa sababu mtoto akiwa hatarini mwalimu analazimika kuwaeleza wanaoweza kumlinda. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa. Uonevu ukifika kwenye kuumizwa mwili, kutishiwa, kunyang'anywa fedha au kuguswa vibaya, si kazi ya mnasihi peke yake tena. Wapo maofisa ustawi wa jamii, na lipo Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Akaandika aliyoyasikia, na tarehe. Akamwita mama. Akapanga na mwalimu wa zamu nani atasimama kwenye foleni ya uji. Na kila Ijumaa alimwuliza Mgeni wiki imekwendaje, mwezi mzima na zaidi. Ufuatiliaji huo ndio unaokosekana mara nyingi. Mtoto husikilizwa siku moja kwa huruma nyingi, halafu watu wazima hudhani jambo limekwisha.

Ngoja nitoke njiani kidogo, maana siwezi kuzungumzia uonevu Moshi nikawaacha watoto wenye ualbino. Mnajua majina wanayoitwa barabarani, sitayarudia. Wengi wao huchekwa kwa kushika kitabu karibu na pua. Kinachowachekesha watu ni kutojua: ualbino humaanisha mwili hautengenezi vya kutosha ile rangi iitwayo melanini, na rangi hiyo inahitajika kwenye ngozi na ndani ya jicho pia. Ndiyo maana jua huwachoma upesi na macho huona kwa shida. Kumkalisha mbele, kumwandikia kwa herufi kubwa na kumwacha avae kofia paredi si upendeleo. Moshi ina mengi ya kujivunia hapa. Katika Shule ya Msingi Mwereni, watoto wasioona na wenye ualbino husoma pamoja na wenzao wanaoona. Hospitali ya KCMC ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, na hapohapo hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Na mwaka 2018 wanawake sita wenye ualbino kutoka nchi sita za Afrika, mmoja wao Mtanzania, waliupanda huuhuu mlima mnaouona dirishani. Mtoto aliyefundishwa hayo mapema hapati la kucheka.

Na Kinara? Mnasihi alimwita naye, peke yake. Hakumpiga. Alimwuliza, akasubiri, akauliza tena, na mwishowe ikajulikana kwamba nyumbani kaka yake mkubwa humfanyia vilevile, kwa ngumi. Hilo halifuti alilomfanyia Mgeni. Lakini lilimwonyesha mwalimu kwamba kuna watoto wawili wa kusaidia, si mmoja. Kinara alipewa kazi ya kurekebisha: kunakili upya maelezo yote ya Sayansi yaliyolowa, kwa mwandiko wake, na kuhakikisha ile picha imefutwa kwenye kundi.

Bibi yake aliposikia akataka zaidi. Mnaoishi kwenye vihamba mnalijua sale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa mpakani. Kwa Wachagga, aliyekosa akija na jani la sale mkononi anaomba msamaha, na ni vigumu sana kumkatalia. Basi bibi akamtuma mjukuu wake na jani.

Hapa Mnasihi alifanya jambo la busara. Alimwita Mgeni kabla, akamweleza maana ya jani lile, maana yeye anatoka Upare, kisha akamwambia: "Huna deni la kulipokea. Ukitaka leo, sawa. Ukitaka mwezi ujao, sawa. Usipotaka, hakuna atakayekulaumu." Ninayapenda masale na mila hiyo, lakini nimeona watoto wakilazimishwa kushikana mikono mbele ya darasa na waliowatesa, ili wakubwa wapate kupumzika. Msamaha wa kulazimishwa ni mzigo wa pili kwa aliyeumia.

Mgeni alilipokea jani siku ya tatu. Akasema amesamehe, ila hataki kukaa dawati moja na Kinara. Hakukaa naye mpaka wanamaliza darasa la saba. Alicheza rede na wengine, akanyoosha mkono tena kwenye Hisabati, na tumbo likaacha kuuma.

Sasa ninyi. UNESCO ilieleza mwaka 2019 kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake katika mwezi mmoja uliotangulia. Ina maana darasani kwako wamo. Kesho ukifika shuleni uliza swali moja: mwalimu mnasihi wetu ni nani, na tunampata wapi? Kama hakuna anayejua, mwombe kiranja alipeleke swali hilo kwenye baraza la wanafunzi, na msichoke kuliuliza mpaka jina litajwe paredi. Ukiwa huna wa kumwambia shuleni wala nyumbani, iko Huduma ya Simu kwa Mtoto inayoendeshwa na C-Sema. Piga 116. Ni bure, na si lazima uwe wewe unayeonewa. Unaweza kupiga kwa ajili ya mwenzako.